Mikondo ya Mada: Njia ya Kumfanya Mwanafunzi Atoe Maarifa

1. UTANGULIZI



Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa la V katika shule moja ya msingi huku milimani, fomu ya tathmini ikiwa magotini. Mwanachuo niliyemkagua alikuwa amejiandaa vizuri. Mada yake ilikuwa mazao ya biashara ya Tanzania. Aliandika ubaoni kwa mwandiko safi: pamba, kahawa, mkonge, korosho, chai, karafuu, tumbaku. Msichana mmoja akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, sisi nyumbani tunalima pareto." Mwanachuo akaitazama orodha yake, akajibu, "Hiyo haimo katika somo letu. Kaa." Msichana akakaa, na hakunyosha mkono tena hadi kengele ilipolia.

Kosa hilo halikuwa la mwanachuo peke yake. Mimi mkufunzi nilimpa alama za juu kwa matumizi ya ubao na kwa nidhamu ya darasa, nami sikuandika neno hata moja juu ya pareto. Nilikuja kutambua njiani, wakati tunarudi chuoni, kwamba darasani mle mlikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kuchuma ua la pareto kwa mikono yake, na mtu huyo ndiye aliyeambiwa akae.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kufundisha ambayo inazuia kosa hilo. Njia yenyewe imetokana na namna makongamano ya maarifa huru yanavyopangwa, yaani kwa mikondo ya mada. Tutaangalia kwanza makongamano hayo ni nini, kisha sababu za kuyaiga darasani, halafu maandalio ya somo lenyewe hapa Bulongwa, na mwisho mambo ya kuchunga.

2. MAARIFA HURU NA KONGAMANO LAKE

Hapana budi kwanza tutofautishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya: bure na huru. Kitu cha bure ni kile usichokilipia. Maarifa huru ni zaidi ya hapo. Ni maandishi, picha au sauti ambazo mwenyewe ametoa ruhusa ya wazi kwamba mtu yeyote azisome, azinakili, azitafsiri, azirekebishe na kuzigawa, kwa masharti machache kama vile kumtaja mwandishi. Kitabu unachokisoma mtandaoni bila malipo chaweza kuwa cha bure lakini kisiwe huru, kwa kuwa hukuruhusiwa kukibadili wala kukichapa upya. Ruhusa za namna hii zilipangwa vizuri na shirika la Creative Commons, lililoanzishwa mwaka 2001 na kutoa leseni zake za kwanza mwaka 2002.

Mfano mkubwa wa maarifa huru ni Wikipedia, iliyoanza Januari 2001. Wikipedia ya Kiswahili, inayojiita kamusi elezo huru, ilianza mwaka 2003 na sasa imezidi makala 80,000. Huandikwa na watu wa kujitolea. Kila mwaka, au karibu kila mwaka, watu hao hukutana katika kongamano liitwalo Wikimania. La kwanza lilifanyika Frankfurt, Ujerumani, mwaka 2005. Barani Afrika limefanyika Alexandria mwaka 2008, Cape Town mwaka 2018, na Nairobi kuanzia tarehe 6 hadi 9 Agosti 2025. Hilo la Nairobi ndilo la kwanza kufanyika Afrika Mashariki, katika nchi ambayo Kiswahili kinasemwa sokoni na bungeni.

Watu mamia wanapokutana, kila mmoja na jambo lake, mkutano waweza kugeuka soko la kelele. Dawa iliyopatikana ni kugawa kongamano katika mikondo. Kwa mfano, katika kongamano la Singapore la mwaka 2023 kulikuwa na mkondo wa elimu, mkondo wa urithi na utamaduni, mkondo wa utafiti, sayansi na tiba, mkondo wa teknolojia, mkondo wa sheria, mkondo wa data huria, na hata mkondo mmoja wa mawazo yasiyo ya kawaida. Mtu mwenye jambo huliwasilisha katika mkondo unaomfaa. Asiye na jambo huchagua mahali pa kusikiliza na kuuliza.

Angalizo: katika shule zetu neno mkondo hutumika pia kwa VA na VB. Katika makala haya mkondo ni kundi la mada, wala si mgawanyo wa darasa.

3. KWA NINI TUIGE MPANGO HUU DARASANI?

(a) Una mizizi katika historia yetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akadai kwamba shule isimtenge mtoto na maisha ya jamii yake. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza radio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi wa kikundi, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika majadiliano ya kikundi. Hata hivyo maarifa yenyewe yalitoka juu kwenda chini: radio ilisema, kijiji kikasikia. Sasa twaweza kuongeza hatua iliyobaki, yaani kijiji kiseme na wengine wasikie.

(b) Maarifa yasiyoandikwa huonekana kana kwamba hayapo. Chukua habari ya kipunji. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama waliokuwa wakifanya kazi mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye jina hilo. Mwaka huo huo wakamwona, kwanza Rungwe, kisha katika msitu wa Livingstone, ambao ni sehemu ya Hifadhi ya Kitulo ya leo. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe. Ulimwengu wa sayansi ulishangaa. Lakini kwa mwindaji wa Rungwe mnyama yule hakuwa mpya hata kidogo. Alikuwa na jina na sauti inayojulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza na mtu wa kuandika.

(c) Tunapokosa kuandika habari zetu, wengine hawatazijaza. Mwanafunzi akitafuta Bulongwa katika kamusi elezo, atapata mistari michache: kwamba ni kata ya wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, pamoja na idadi ya watu. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini baridi ya Juni inayounguza majani ya viazi haimo, wala ugemaji wa ulanzi, wala habari za bibi zetu. Mtoto akisoma hivyo mara kwa mara, atajifunza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyelikusudia: kwamba mambo ya maana hutokea mahali pengine.

4. MAANDALIO YA SOMO

Darasa: la V au la VI, wanafunzi 60.
Masomo yanayohusika: Kiswahili, Sayansi, Historia na Jiografia.
Muda: kipindi kimoja cha dakika 40, wiki moja ya kukusanya habari nje ya darasa, kisha vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80.

Madhumuni: Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze
(i) kukusanya habari moja ya kweli kutoka kwa mtu mzima au kutoka katika mazingira yake;
(ii) kueleza ameipata wapi na ameihakikishaje;
(iii) kuiwasilisha mbele ya wenzake kwa Kiswahili sanifu;
(iv) kuuliza swali la maana juu ya habari ya mwenzake.

Zana: karatasi zilizokatwa kwa ukubwa wa nusu ya ukurasa wa daftari, penseli, kamba ya kutundikia, na vitu halisi ambavyo wanafunzi watakuja navyo.

Hatua ya kwanza: Kuunda mikondo (kipindi cha kwanza)

Usianze kwa kutangaza mikondo. Waulize wanafunzi: "Ni jambo gani ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulijua asipokuja kuuliza hapa?" Andika majibu yote ubaoni bila kuchagua. Kisha shirikiana nao kuyapanga katika makundi. Kwa hapa Bulongwa yamkini mtapata mikondo hii mitano:

A. Mimea na mazao: pareto, ngano, viazi mviringo, mianzi, maua ya mwituni.
B. Historia ya kijiji: nani walikaa wapi, barabara, shule, kanisa na hospitali vilianza vipi.
C. Afya na usafi: maji, vyoo, chakula cha watoto wadogo.
D. Lugha na masimulizi: majina ya Kikinga ya vitu pamoja na Kiswahili chake, vitendawili, hadithi.
E. Maswali yasiyo na jibu: mambo ambayo hata wazee hawana hakika nayo.

Mkondo wa mwisho msiuache. Ndio unaomfundisha mtoto kwamba kutojua si aibu, na kwamba swali zuri ni mchango. Gawa wanafunzi 12 kwa kila mkondo. Waache wachague wenyewe kwanza, halafu sawazisha idadi.

Hatua ya pili: Kadi ya maarifa (wiki moja)

Kila mwanafunzi ajaze kadi moja yenye mistari mitatu:
1. Nimejua nini?
2. Nimeambiwa au nimeonyeshwa na nani, wapi, lini?
3. Nimehakikishaje?

Mstari wa tatu ndio mgumu, nao ndio wenye thamani kubwa kuliko yote. Wafundishe njia tatu rahisi: kumwuliza mtu wa pili asiyekaa nyumba moja na wa kwanza, kutazama kwa macho yako, au kulinganisha na maandishi. Watoe mfano huu. Mwanafunzi mmoja anaandika kwamba Makete ni wilaya ya mkoa wa Iringa, kwa sababu ameiona katika karatasi za babu yake. Mwingine anaandika mkoa wa Njombe. Nani amekosea? Hakuna. Mkoa wa Njombe uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Makete ilikuwa mkoa wa Iringa. Kwa hiyo habari isiyo na mwaka ni nusu habari. Somo hili moja linatosha kumfanya mtoto awe msomaji mwangalifu maisha yake yote.

Hatua ya tatu: Kongamano (dakika 80)

Panga madawati katika pembe nne na katikati ya darasa, ama nje kama hali ya hewa inaruhusu. Kila mkondo utundike kadi zake kwenye kamba. Gawa kila mkondo nusu kwa nusu: wanafunzi 6 ni wenyeji, 6 ni wageni. Wenyeji hubaki na kueleza. Wageni huzunguka mikondo mingine minne, dakika 6 kwa kila mmoja, jumla dakika 24. Kisha wabadilishane: waliokuwa wageni wawe wenyeji. Hapo dakika 48 zimetumika, na kila mtoto amesema na amesikiliza.

Dakika 32 zilizobaki ni za kikao cha pamoja, ukiondoa muda wa kuhama. Kila mkondo utaje jambo moja walilolithibitisha na jambo moja lililobaki na shaka. Mwalimu usiseme, "Sahihi" au "Si sahihi." Uliza, "Nani mwingine amelisikia jambo hili? Tutalipima vipi?"

Hatua ya nne: Kuhifadhi

Maarifa yaliyotundikwa kwenye kamba kwa siku moja yatapeperuka. Kadi zilizothibitishwa zinakiliwe kwa mwandiko mzuri katika daftari kubwa la shule, zikiwa na majina ya walioziandika na mwaka. Darasa la mwakani lianze pale hili lilipoishia, lirekebishe na kuongeza. Huo ndio moyo wa maarifa huru, nao hauhitaji umeme.

Shule yenye kompyuta au simu moja ya kufaa yaweza kwenda mbele. Programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, humwezesha mtu kuisoma Wikipedia bila mtandao, mradi ipakuliwe mara moja mjini. Mwalimu atapata pia vitabu vya hadithi vyenye ruhusa huria katika African Storybook, vingine vikiwa vya Kiswahili, na miongozo ya kufundishia ya TESSA, mpango ulioanza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Lakini kukosa vyombo hivi kusiwe sababu ya kuahirisha somo.

5. MAMBO YA KUCHUNGA

(a) Daftari la shule si Wikipedia. Kamusi elezo ile hutaka kila habari iwe imekwisha kuchapishwa mahali panapoaminika. Simulizi ya mzee, hata iwe ya kweli namna gani, kwa kawaida haikubaliki humo moja kwa moja. Tatizo hili limejadiliwa sana. Mwaka 2011 ulifanyika mradi huko India na Afrika Kusini wa kurekodi sauti za watu ili zitumike kama ushahidi. Suala bado halijaisha. Kwa hiyo mwalimu asiwaahidi watoto kwamba kadi zao zitaingia huko kesho. Picha walizopiga wenyewe, hata hivyo, zaweza kupokelewa katika hazina ya picha huria ya Wikimedia Commons.

(b) Ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, na mtoto aliyeandika ni mwandishi. Usichukue kadi za wanafunzi ukazitoa nje ya shule bila ridhaa yao na ya wazazi wao. Vivyo hivyo, mzee aliyesimulia aulizwe: "Tukiandika jina lako, ni sawa?" Akikataa, heshimu.

(c) Si kila jambo ni la kutangazwa. Hapa nawasihi mwe waangalifu kuliko popote. Mkoa wetu uliongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi ya VVU katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017, na ziko familia nyingi Makete zilizofiwa. Mkondo wa afya uandike juu ya maji na chakula. Usiandike kamwe ugonjwa wa mtu anayejulikana. Mtoto yatima asilazimishwe kuhojiwa wala kuhoji juu ya msiba wa kwao.

(d) Maarifa yaweza kuharibu kinachoelezwa. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, una okidi nyingi za aina mbalimbali. Viazi vya okidi vimekuwa vikichimbwa na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, hata aina nyingine zikapungua. Mwanafunzi akiandika jina la ua na umbo lake, vema. Akiandika bonde na njia ya kulifikia, amemsaidia mchimbaji. Darasa lijadili tofauti hiyo. Ni somo la uraia lililo bora kuliko orodha ya wajibu.

(e) Mwalimu asiwe mtazamaji. Njia hii haimpunguzii mwalimu kazi. Kabla ya kongamano hana budi kupitia kadi zote 60, kuwaonya waliobuni habari, na kuwatia moyo wale wanaoona nyumbani kwao hakuna cha kuandika. Hao ndio wengi, na mara nyingi ndio wenye mengi.

6. HITIMISHO

Siwaambii mwache kitabu cha kiada. Orodha ya yule mwanachuo ilikuwa sahihi, na mtoto wa Bulongwa anastahili kujua mkonge na karafuu. Ninachosema ni kwamba maarifa yana njia mbili, ya kuingia darasani na ya kutoka, na sisi tumezoea kufungua moja. Mpango wa mikondo ya mada hufungua ya pili kwa utaratibu, bila vurugu, na kwa kumpa kila mtoto mahali pa kusimama.

Kwa upande wangu, nimeongeza swali moja kwa mkono chini ya fomu yangu ya kukagulia: "Wanafunzi wametoa nini ambacho mwalimu hakuwa nacho?" Mtakapoenda mazoezi ya kufundisha mwaka huu, jueni kwamba nitalitafutia jibu.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Eleza kwa mfano wako mwenyewe tofauti kati ya kitabu cha bure na kitabu huru.
2. Tunga mikondo mitano ya mada inayofaa kijiji unachotoka. Kwa nini umechagua hiyo?
3. Mwanafunzi ameleta kadi inayosema kwamba mmea fulani hutibu homa ya watoto. Utamwongozaje kuihakikisha, na je, kadi hiyo itundikwe? Jadilianeni katika vikundi.
4. Darasa lako lina wanafunzi 90 na chumba ni kimoja. Rekebisha mpango wa dakika 80 uliotolewa hapo juu ili kila mtoto apate kusema.
5. Jiweke mahali pa mwanachuo aliyeambiwa, "Sisi nyumbani tunalima pareto." Andika maneno ambayo ungemjibu msichana yule, na maswali matatu ambayo ungemwuliza mbele ya darasa.